MASALA YA DAMU YA MUME NA MKE, NA HUKUMU YA KUPIMA KIINITETE KABLA HAKIJATIWA TUMBONI



Tumeletewa barua na ndugu yetu mmoja akaaye Singida. Asili yake ni mtu wa Pangani. Babu yake alipanda bara na biashara, akatua Kilimatinde, kisha watoto wake wakaendelea mpaka Singida mjini, baina ya yale maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Na huko ndiko yeye auzako mafuta ya alizeti na vitunguu. Mkewe ni binti ammi yake, aliyeletwa kutoka pwani kwa radhi ya wazee wa pande zote mbili. Mwenyiezi Mungu amewaruzuku watoto wanne. Wawili wamekufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Wa tatu, mtoto wa kiume, yu hai, lakini hulala hospitali mara nyingi, akilia mifupa usiku kucha. Binti yao mkubwa ni mzima.

Barua hiyo ina maswali matatu. Kwanza asema kuwa mama yake na dada zake wamemwandama amwache mke huyu, kwani tumbo lake, wasemavyo wao, halina kheri, na damu yake inakula watoto. Aliuliza: je, nikimwacha kwa sababu hiyo nina makosa? Pili, tabibu amemwambia kuwa siku hizi yai la mke na maji ya mume huweza kukutanishwa nje, na kikipatikana kiinitete kikapimwa, na kisicho na ugonjwa ndicho kikatiwa tumboni. Je, hilo ni halali kwa Muislamu? La tatu ni juu ya binti yake, nalo tutalifikia.

Tumeona tumjibu katika karatasi hii badala ya kumjibu peke yake, kwani twajua kuwa wako wengi wa Tanga na Bagamoyo na Mombasa na Unguja walio katika jambo lili hili, nao wameona haya kuuliza. Na wengine hawakuona haya, bali wameshaacha wake.

Jua, ewe ndugu, ya kwamba ugonjwa wa watoto hawa ni ule uitwao selimundu, na watu wa hospitali huuita siko seli. Damu huwa nyekundu kwa kitu kiitwacho hemoglobini, nacho ndicho kichukuacho hewa tuivutayo na kuieneza mwilini. Chembe za damu iliyo nzima ni mviringo na laini, mfano wa kitumbua kilichobonyea katikati, hupita katika mishipa myembamba pasi na taabu, na kila moja huishi kiasi cha siku 120. Chembe za mgonjwa hupinda mfano wa mundu, zikawa ngumu, zikakwama njiani. Na pale zinapokwama ndipo maumivu yanapokuwapo, katika mifupa na kifua na tumbo, na kwa baadhi ya watoto katika ubongo, wakapooza. Wala haziishi ila siku kumi mpaka ishirini, ndipo mtoto akawa hana damu ya kutosha na macho yake yakawa ya manjano.

Katika Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu, na nchi yetu imo miongoni mwa zile za mwanzo duniani kwa wingi wake. Si ugonjwa wa kuambukizwa, wala wa jini, wala wa jicho la mtu. Ni wa urithi. Tabibu wa kwanza kuuandika katika vitabu vya kizungu alikuwa James Herrick wa Chicago, mwaka 1910. Ilipofika mwaka 1949 ikabainika mambo mawili: James Neel alithibitisha kuwa mgonjwa ameurithi kwa wazazi wawili, si kwa mmoja, na Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kuwa hemoglobini yenyewe ndiyo iliyobadilika. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akaeleza kwa nini ugonjwa huu umejaa kwetu: mtu aliyerithi upande mmoja tu hukingwa na malaria kali. Kwa hiyo, katika nchi za malaria, kama mwambao wetu na kando ya ziwa la Viktoria, watu hao waliokoka utotoni wakazaa, na alama ile ikaenea. Singida ni nchi ya juu na kavu, malaria yake ni haba kuliko ya pwani. Ndugu yetu hakuipata damu hii huko. Ameichukua kwa babu yake pamoja na jina lake. Na watu wasipouzoea ugonjwa huupa majina ya uchawi.

Wala tusidhani kuwa imesafiri kwenda bara tu. Wenzetu walioko Omani wanayo vile vile, na wataalamu waliotazama asili yake huko wameona alama za namna tatu, moja ya upande wa Waarabu na Bara Hindi, na mbili za Afrika, yaani ile iitwayo ya Benin na ile iitwayo ya Kibantu. Damu ilipanda majahazini pamoja na watu.

Sasa tuje katika swali la kwanza, nalo ndilo lililotufanya tuandike, kwani jawabu lake likijulikana mengi huwa mepesi.

Mtu ana sehemu mbili za kila urithi, moja ya baba na moja ya mama. Tufanye mfano wa ushanga. Mume ana shanga mbili katika mfuko wake, moja nyeupe na moja nyekundu. Na mke vivyo hivyo. Nyeupe ni damu nzima, nyekundu ni damu ya mundu. Katika kila mimba mume hutoa ushanga mmoja bila kutazama, na mke mmoja bila kutazama. Zikitoka mbili nyeupe, mtoto ni mzima kabisa, na hospitali humwandika AA. Ikitoka nyeupe na nyekundu, mtoto ni kama wazazi wake, huandikwa AS: haumwi, huishi umri wake, huoa na kuzaa, huenda asijue maisha yake yote. Zikitoka mbili nyekundu, huyo ndiye mgonjwa, naye ni SS. Basi katika fungu nne, moja ni uzima kamili, mbili ni kama wazazi, na moja ni ugonjwa.

Wengi hukosea hapa: hudhani kuwa akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Shanga hurudishwa mfukoni kila mara, na kila mimba huanza upya kama kwamba haikupata kuwapo nyingine kabla yake. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuzaa watoto sita wazima, na nyumba ya jirani, yenye damu zile zile, ikazika watatu katika wanne. Ndugu yetu wa Singida ameangukiwa na fungu zito. Halikuwa kosa la mtu.

Lakini zingatia: mtoto hawi mgonjwa ila baba atoe ushanga mwekundu na mama atoe ushanga mwekundu. Hakuna njia nyingine katika jambo hili la SS. Mama peke yake hawezi kumzaa mgonjwa. Basi wale wasemao kuwa damu ya mke inakula watoto wamesema nusu ya neno, na nusu waliyoinyamazia ni damu ya mwana wao wenyewe. Na kwa kuwa mke huyu ni binti ammi, nusu zote mbili huenda zikawa zimetoka kwa babu mmoja, ambaye ni babu wa hao dada wanaosema. Twamwomba ndugu yetu awasomee mahali hapa kwa upole, kisha awapeleke nao wakapimwe.

Na khabari za urithi uliofichika si ngeni kwetu. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwa Abu Huraira, ya kwamba mtu wa Bani Fazara alikuja kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akisema kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, naye akitaka kumkana. Mtume hakumkemea, wala hakumkubalia. Alimuuliza khabari za ngamia zake, ni za rangi gani. Akajibu kuwa ni nyekundu. Akamuuliza kama yumo wa rangi ya kijivu. Akakiri kuwa wamo. Akamuuliza wametoka wapi. Akasema kuwa huenda ni mshipa wa asili uliowavuta. Ndipo Mtume akamjulisha kuwa na mtoto wake huenda akawa amevutwa na mshipa vivyo hivyo. Wala hakumpa rukhsa ya kumkana. Tazama alivyomfundisha: alimrudisha katika zizi lake mwenyewe, akamwonyesha kwa mali aijuayo kuwa kitu chaweza kujificha katika asili kisha kikatokeza, na kuwa kutokeza kwake si hoja juu ya mwanamke.

Talaka iko mikononi mwa mume, wala hatusemi kuwa ndoa hii haiwezi kuvunjwa. Tusemalo ni kwamba aibu za nikahi zimehisabiwa katika madhehebu yetu ya Shafi, nazo ni kama wazimu na ukoma na mbalanga, na zile zizuiazo kukutana mume na mke. Wala hatujaona mwenye kuingiza humo mtu wa AS, ambaye si mgonjwa. Na kama ingekuwa ni aibu, basi ndugu yetu anayo ile ile, na mke naye angekuwa na haki ya kulalama kwa kadhi. Akimwacha, amwache kwa jina lake lingine, wala asimtwike uwongo huu mbele ya watu, kwani mwanamke aliyeachwa kwa kuambiwa kuwa anaua watoto haolewi tena katika mji kama ule, naye keshawazika wawili.

Ukisema: basi nitaoa mke wa pili, nimweke huyu na heshima yake. Tutasema: hilo ni halali kwako kwa masharti yake uyajuayo, na ukipata mwenye damu ya AA hutazaa naye mtoto wa SS. Lakini mpime kwanza. Tumesikia mtu aliyekimbia AS ya mke wa kwanza akaangukia AS ya wa pili, kwa sababu hakutazama katika mfuko wake mwenyewe.

Ama swali la pili, la kupima kiinitete, yataka maelezo ya jinsi lilivyo kabla ya hukumu yake.

Mke hupigwa sindano kwa siku kadhaa, yapata kumi na zaidi, ili mayai mengi yapevuke kwa pamoja. Kisha mayai hutolewa kwa sindano akiwa amelazwa usingizi, yakakutanishwa na maji ya mume katika chombo. Mtoto wa kwanza aliyetungwa kwa njia hii ya chombo alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Kiinitete hulelewa siku tano, kikawa mfano wa tufe dogo lisiloonekana vema kwa jicho, lenye chembe mia moja au zaidi. Chembe chache hutolewa upande wa nje, ule ambao ungekuwa kondo la nyuma, si upande ambao ungekuwa mtoto. Kiinitete chenyewe hugandishwa kwa baridi kali, na zile chembe hupimwa kama zina shanga nyeupe au nyekundu. Baada ya jawabu, kilicho salama huyeyushwa na kutiwa katika mji wa uzazi wa mke. Watoto wa kwanza kuzaliwa baada ya kupimwa namna hii walizaliwa London mwaka 1990, kwa kazi ya akina Alan Handyside na Robert Winston wa hospitali ya Hammersmith. Na kwa ugonjwa huu wa selimundu, matabibu wa New York walitoa taarifa ya kwanza mwaka 1999.

Hapa huja mtu akasema: huku ni kupambana na kadari. Mwenyiezi Mungu ndiye agawaye watoto, nanyi mwataka kuchagua. Twamjibu kwa kisa cha Seyyidna Omar. Alitoka Madina kwenda Sham, na alipofika Sargh akaambiwa kuwa huko mbele pana tauni. Akawataka shauri Muhajirina na Ansari, wakakhitalifiana, naye akakata shauri kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyiezi Mungu. Omar akamjibu kuwa ndiyo, waikimbia kadari kwa kuiendea kadari nyingine, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, ni kwa kadari. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume iliyoafiki shauri lile. Mtu anywae kwinini hupigana na malaria, wala hapana aliyemwambia kuwa amekosa imani. Maradhi ni kadari na dawa ni kadari.

Basi asili ya jambo si haramu. Palipo na shaka ni katika namna ya kulifanya. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu yenye makao yake Jedda ilikaa Amman mwaka 1986, ikazitazama njia saba za kutunga mimba kwa msaada wa matabibu. Tano ikaziharimisha, kwani ndani yake huingia mtu wa tatu, awe ni mwenye maji, au mwenye yai, au mwanamke akodishaye tumbo lake. Mbili ikazikubali pale penye haja, nazo ni zile ambazo maji ni ya mume, yai ni la mke, tumbo ni la mke yule yule, na nikahi yao ingali imesimama. Mume akifa au akiacha, kilichogandishwa hakitiwi tena tumboni. Na hili waliandike mapema, kwani wenye vyombo hivyo huuliza, na jawabu lisiwe la kubahatisha.

Kadhalika maulamaa wa Majmaa ya Makka walipokaa mwaka 2007 walikataza kuchagua mtoto wa kiume au wa kike kwa njia hii kwa sababu ya kupenda tu, wakaruhusu pale ambapo ni kwa kukimbia maradhi ya urithi yanayowapata waume na kuwaacha wake, au kinyume chake. Ikiwa kwa ajili ya maradhi wameruhusu hata lile la kuchagua mume na mke, lililo zito zaidi, basi kupima selimundu peke yake ni karibu zaidi na ruhusa. Hayo ndiyo tuyaonayo, wala sisi si mamufti. Ndugu yetu amwendee na mwanachuoni aliye karibu naye.

Mume na atoe maji yake kwa njia ya halali, pamoja na mkewe, si kwa mkono wake peke yake kama wafanyavyo wengine kwa kutojua. Na mke apatiwe tabibu mwanamke kila ilipowezekana.

Masala magumu ni moja: vile viinitete visivyotumika. Tuseme yametoka mayai kumi, vikapatikana viinitete sita, na kimoja au viwili vina SS. Vifanywe nini? Majmaa ya Jedda ilikaa mwezi wa Machi 1990 ikasema kuwa lililo bora ni kutunga kwa kiasi cha kutumiwa tu, ili kisibaki. Na kikibaki, kiachwe bila ya kushughulikiwa mpaka uhai wake ukome wenyewe, wala kisipewe mwanamke mwingine. Hoja yao ni kwamba mimba yenye hishima yake ni ile iliyotulia katika mji wa uzazi. Lakini Imamu Ghazali katika Ihyaa alipotofautisha baina ya azli na kuharibu mimba alisema kuwa kuwapo kwa kiumbe kuna daraja, na daraja ya mwanzo ni pale maji ya mume yanapoingia mjini yakachanganyika na ya mke, na kuliharibu hilo ni jinai, na jinai huzidi kila daraja inapopanda. Yeye alisema juu ya kilicho tumboni, wala hakuna chombo cha kioo zama zake. Hata hivyo kuchanganyika kumekwisha kuwa. Kwa ajili hiyo twapenda ndugu yetu amwambie tabibu tangu mwanzo asitunge kwa wingi, japo tabibu atamwambia kuwa uchache hupunguza tamaa ya kufaulu. Na atakuwa amesema kweli.

Na liko jingine ambalo hatukuliona likitajwa sana, nasi latuumiza. Huenda akaulizwa: je, tukuchagulie AA tu, na vile vya AS tuviache pamoja na vya wagonjwa? Asikubali. Mtoto wa AS si mgonjwa. Ni kama baba yake auzaye alizeti, na kama mama yake aliyewauguza wanne. Mwenye kumtupa huyo kwa kuwa ana ushanga mmoja mwekundu angejitupa yeye mwenyewe, na babu yake wa Pangani, na wengi wa watu wa mwambao huu tangu zama za majahazi.

Ama kupima mimba iliyokwisha kuwa tumboni, kwa kutoa sehemu ya kondo katika mwezi wa tatu au maji ya uzazi baadaye, ni mlango mwingine. Majmaa ya Makka mwezi wa Februari 1990 iliruhusu kutoa mimba kabla ya siku 120 pale kamati ya matabibu wenye kuaminiwa wanapothibitisha kwa vyombo kuwa mtoto ana kasoro kubwa isiyotibika, na wazazi wakataka. Je, selimundu imo humo? Zamani pengine mtu angesema imo. Leo ina dawa za kuituliza, na wapo watu wazima wengi wenye SS wafanyao kazi na kulea. Sisi hatuthubutu kuiingiza.

Tusimfiche ndugu yetu upande wa mfuko. Gharama ya kupima kiinitete ni mamilioni mengi ya shilingi. Kutunga mimba kwa chombo kumekwisha kuanza Dar es Salaam, lakini kazi ya kupima urithi wa kiinitete watu wameizoea kuifuata mbali, Bara Hindi na Imarati na Afrika ya Kusini, pamoja na nauli na malazi. Wala si kila kiinitete kitiwacho hushika. Mtu huweza kuuza gari na nyumba akarudi mikono mitupu. Na hata kikishika, matabibu hushauri mtoto apimwe tena, kwani kipimo cha chembe chache chaweza kukosea. Asiyeweza hayo asidhani kuwa Sharia imemwacha. Anao watoto aliopewa. Azli na dawa za kupanga uzazi kwa radhi ya mke zimeruhusiwa na maulamaa wengi. Na akitaka kuzaa tena na kumtegemea Mola wake, fungu tatu katika nne ni za kheri. Ila awe tayari kumpima mtoto siku za mwanzo, asingoje alie mifupa.

Hapa ndipo twataka kumwambia juu ya yule mtoto wa kiume, kwani katika barua yote hakutaja kuwa mtoto huyo anapata dawa gani. Amuulize tabibu khabari za haidroksiurea. Dawa hii hupunguza maumivu na kulazwa, na utafiti uliofanywa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, mojawapo ni Kenya, huko Kilifi pwani kwetu, uliotangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa hufaa na ni salama kwa watoto wa huku, na hata malaria na vifo vilipungua. Mtoto wa SS aliye chini ya miaka mitano hupewa penisilini kila siku kumkinga na vijidudu, na wote huhitaji kinga ya malaria na maji ya kunywa mengi, na kutopigwa na baridi. Na Singida, kwa upepo wake wa mwezi wa Juni na Julai, baridi ipo. Muhimbili ina watu waliojishughulisha na ugonjwa huu kwa miaka mingi, wameanza tangu mwaka 2004. Na karibu zaidi naye, katika hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma, tangu mwaka 2023 wameanza kupandikiza uboho kwa watoto wa selimundu, pale ndugu wa tumbo moja anapoafikiana naye. Dada yake mzima na atazamwe kwa hilo. Kutoka Singida kwenda Dodoma ni safari ya saa chache kwa basi. Mtu afikiriaye kwenda Bara Hindi kwa ajili ya mtoto ambaye hajawa, na aanze kwa safari hii ya mtoto aliyekwisha kuwa.

Twarudi kwa sisi sote. Mwenye kuandika haya amehudhuria nikahi nyingi, na katika nyingine alikuwa shahidi. Tuliuliza mahari, tukauliza ukoo, tukauliza kanzu ya mkwe na ng'ombe wa karamu na nani atapika pilau. Damu hatukuuliza. Tangu ukimwi ulipoenea waozeshaji wengi wamezoea kutaka cheti cha kipimo hicho. Basi kingeongezwa na hiki, ambacho ni tone la damu na fedha chache mno kuliko gharama ya karamu. Saudia imekilazimisha tangu mwaka 2004, na Omani kuanzia mwaka 2026. Huko kote hawamzuii mtu kuoa baada ya jawabu. Wamwambia tu alilonalo, kisha akachagua hali akijua. Na aliyekwisha kujua kabla ya nikahi hana haja ya sindano za siku kumi wala chombo cha kioo. Wenye kuoana binti ammi na binti khali, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za pwani, wana haja zaidi ya wengine, kwani shanga zao zimetoka katika kapu moja. Hatusemi waache kuoana. Twasema wapimwe.

Lililobaki ni swali la tatu, la binti mkubwa. Ndugu yetu asema kuwa amepimwa naye ni AS, na sasa ana miaka kumi na saba, na wachumba wameanza kuuliza. Je, aseme au anyamaze, ili binti asije akakosa mume?

Jawabu: aseme. Asilitangaze sokoni wala msikitini, kwani ni siri ya mwanawe. Bali mposaji aliyekubaliwa na wazee aambiwe kabla ya mahari kushikwa, yeye na baba yake, kwa maneno machache, ya kwamba binti huyu ni mzima, naye ni AS, basi nenda ukapime wewe. Akirudi na AA, hapana la kuogopa kwa watoto wao katika ugonjwa huu. Akirudi na AS, wakae waseme kabla, wala si baada ya kaburi la kwanza. Akikataa kwenda kupima, basi baba na ajue kuwa amemkataa mwenyewe. Na karatasi ya kipimo aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa cha binti, ampe mwenyewe mkononi, amweleze kwa mfano wa shanga kama tulivyoeleza, kwani ni yake yeye kabla ya kuwa ya baba yake au ya mumewe.